Hadithi Kwanza, Sarufi Baadaye

Katika shule za upili za Marekani, mwanafunzi wa Kihispania aweza kukariri minyambuliko ya vitenzi kwa miaka miwili, kisha akisalimiwa na jirani aliyetoka Meksiko akabaki bubu. Kosa si lake. Mwaka 1983, Stephen Krashen na Tracy Terrell walishikilia kwamba lugha humwingia mtu kwa kuyaelewa anayoambiwa. Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania huko California, akaliingiza wazo hilo katika hadithi za darasani. Chukua mfano wa mvulana anayetaka paka. Mwalimu huuliza: nani anataka? Anataka paka au mbwa? Maneno ni machache, maswali ni tele, na kipindi kikiisha neno "quiere" limekwisha kuzoeleka masikioni.

Nyimbo nazo zafaa, ingawa wimbo usioeleweka ni kelele tamu tu. Wanaodai kwamba sarufi imetupwa hawajaketi darasani humo: hufafanuliwa kwa muda mfupi, pale umbo lake linapojitokeza katika hadithi. Kikwazo kikubwa ni mtihani. Ukiendelea kuulizia majedwali ya vitenzi, mwalimu msimulizi ataonekana mvivu, na wanafunzi wake watahesabiwa kuwa wameshindwa.