Mfumo wa Hosteli Uzikwe

Mradi wa mwaka wa mwisho katika shahada ya kompyuta, jinsi unavyofanywa katika vyuo vyetu vingi, ufutwe. Usirekebishwe, ufutwe kabisa. Mahali pake mwanafunzi apewe mwaka mzima wa kufanya kazi ndani ya programu huria iliyo hai, inayotumiwa na watu asiowajua, na alama zake zitokane na kile ambacho watunzaji wa programu hiyo wamekubali kukiingiza. Nasema haya na mimi si mhadhiri. Nina saiba Umoja, si mbali na Mutindwa, na kwa miaka 11 nimekuwa nikichapisha hiyo miradi na kuifunga jalada gumu. Mashine yangu ni ya polepole, kwa hivyo huwa naisoma.

Msomaji, acha nikupe orodha. Mfumo wa Kusimamia Hosteli. Mfumo wa Kusimamia Maktaba. Mfumo wa Kusajili Wagonjwa. Mwaka unaofuata, Mfumo wa Kusimamia Hosteli, safari hii kwa rangi ya kijani. Kuna wiki moja nilichapisha minne ya hosteli, wanafunzi wa vyuo tofauti, na michoro ya sura ya tatu ilikuwa ileile, hadi mshale mmoja uliochorwa ukielekea kusikofaa. Wasee wa kuuza miradi wanajulikana. Bei inapanda ukitaka na maelezo ya kujitetea mbele ya wahadhiri. Nilimuuliza kijana mmoja wa Komarock ni hosteli gani itautumia mfumo wake. "Boss, hii ni ya kupita tu," akaniambia, bila aibu yoyote, kwa sababu alikuwa akisema ukweli. Siku ya kujitetea ikipita, faili inabaki kwa flashi, flashi inapotea, na miezi minane ya maisha ya mtu inaenda nayo.

Sasa tazama kioja. Kijana huyo ametumia programu huria tangu aingie chuo bila mtu kumwambia. Vyuo vyetu vingi husomesha kupitia Moodle, ambayo Martin Dougiamas aliianzisha Australia na toleo lake la kwanza likatoka 2002. Maktaba nyingi za vyuo hivyo hutafuta vitabu kwa Koha, iliyozaliwa New Zealand kwa ajili ya maktaba ndogo za mashambani na kuanza kazi mwaka 2000. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Tasnifu huhifadhiwa kwenye DSpace, iliyotengenezwa na MIT pamoja na kampuni ya HP. Msimbo wa hizi zote uko wazi. Mtu mwenye bando ya shilingi hamsini pale Kayole anaweza kuufungua usiku wa leo akaona nani alibadilisha mstari gani, siku gani, kwa sababu gani, na ni hitilafu zipi bado zinangoja mtu wa kuzitatua. Miaka minne inapita na hakuna siku mhadhiri amesema: ile Moodle mnayoitukana ikikwama, haya, ingieni ndani. Badala yake wanaambiwa wabuni mfumo wao wa maktaba, mbovu kuliko Koha, ambao hakuna maktaba itautumia. Kwani hii ni elimu ama ni adhabu?

Nadhani shida inaanzia kwa neno. Kiswahili kilitupa "huria", sisi tukasikia "bure". Bure ni kitu cha kuokota njiani. Tena bure ina ile maana yake ya pili, ya kazi isiyozaa kitu. Chuo kikipata mfumo bila kulipia leseni, mkuu wa idara anapigiwa makofi kwa kuokoa pesa, na katika hizo zilizookolewa hakuna hata shilingi inayomlipa mtu wa kurudisha chochote kule mfumo ulikotoka. Huria ni mambo mengine: una haki ya kuutumia msimbo, kuusoma, kuubadilisha, na kuwapa wengine ulichobadilisha. Chuo kinaishia kwa ile haki ya kwanza. Hizo tatu nyingine, ambazo ndizo za kusomesha, hakizigusi.

Sisi watu wa Eastlands hatuhitaji mifano ya ng'ambo ili tulielewe hili. Dandora ilianzaje? Mwaka 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mipango ya Halmashauri ya Jiji, mradi wa viwanja karibu 6,000 ulianzishwa. Watu wengi hawakupewa nyumba. Walipewa kiwanja chenye choo, bafu, maji na bomba la maji taka, wakaambiwa vyumba mtajenga wenyewe. Wakajenga. Wakaongeza cha kupangisha, kisha wakapanda juu, ghorofa baada ya ghorofa. Nenda Buruburu utafute nyumba ambayo haijaongezwa kitu mbele, iwe duka, kinyozi ama chuo kizima cha kompyuta; utatembea sana. Watu hao walichukua msingi wa mtu mwingine wakaupanua kulingana na maisha yao, jirani akaona, akaiga, akaboresha. Lakini pia huko Dandora kila mwenye ploti alishughulikia ghorofa yake, na bomba la maji taka lililokusudiwa watu wachache likaachiwa umati. Pita huko mvua ikinyesha. Hakuna aliyepewa kazi ya bomba.

Kazi ya bomba ndiyo ninayotaka wanafunzi wapewe.

Na mtu asiniambie kuwa hizi ni jamii za wazungu na sisi ni wageni humo. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao leo uko katika nchi nyingi, ulianzishwa 2004 kutokana na mahitaji ya Eldoret. Kulikuwa na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, chini ya mpango wa AMPATH, na kliniki za HIV zilikuwa zimejaa wagonjwa kuliko uwezo wa mfumo uliokuwapo. Madaktari wawili kutoka Indiana, Paul Biondich na Burke Mamlin, wakaona afadhali kuanza upya na kuacha msimbo wazi. Ulianza kutumika Eldoret 2006. Ushahidi nao uliandikwa kwa siku chache Januari 2008, nchi ikiwaka na matangazo ya moja kwa moja yakiwa yamepigwa marufuku, ili watu watume kwa simu yale waliyoyaona mitaani. Miaka miwili baadaye msimbo huo ulikuwa unatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Sisi ni wenyeji humo.

Hapo ndipo Mfumo wa Kusajili Wagonjwa wa kijana wangu unaponiuma. KenyaEMR, ambayo hospitali nyingi za umma huitumia kuwafuatilia wagonjwa wa HIV, imejengwa juu ya OpenMRS. Angeweza kutumia mwaka wake humo. Angeweza kusahihisha fomu moja inayomsumbua muuguzi katika zahanati ya karibu na kwao. Pesa nyingi za kuutunza mfumo huo zimekuwa zikitoka Marekani, na Januari 2025 serikali ya huko iliposimamisha misaada ya nje, washirika wengi wa miradi ya HIV hapa Kenya waliamriwa waache kazi. Msimbo haukuenda popote, leseni inaulinda. Swali ni ni nani hapa nyumbani anaujua ndani nje bila mshahara wake kutegemea Washington. Tungekuwa na mamia ya watu kama hao. Tuna mamia ya mifumo ya hosteli.

Tatizo letu lingine ni kupenda uzinduzi. Digital Matatus ni kazi ninayoiheshimu. Kuanzia 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT, Columbia na kampuni ya Groupshot walifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa: wanafunzi walipanda matatu na simu mkononi, wakarekodi vituo na njia, zaidi ya njia 130. Ramani ikatoka 2014, data ikaachwa wazi kwa yeyote, na 2015 njia hizo zikaonekana kwenye Google Maps. 19/60 ya Kayole na 58 ya Buruburu zikachorwa kwa rangi zake kama reli za London. Nilifurahi, manze. Kisha Outering ikapanuliwa, vituo vikahama, sacco zikabadilisha njia. Ramani haijirekebishi yenyewe. Na huku kwetu kuna maelfu ya wanafunzi wanaopanda magari hayo asubuhi na jioni, simu zao zikiwa bora kuliko zile za 2012, wakielekea chuoni kujitetea kuhusu hosteli isiyokuwepo.

Majibu nayajua. La kwanza ni kwamba kazi kama hiyo haisahihishiki, mhadhiri hatajua mwanafunzi amefanya nini kati ya watu mia mbili. Ukweli ni kinyume. Katika programu huria kila badiliko lina jina, tarehe, na mabishano yake. Mhadhiri anaona mwanafunzi alivyokataliwa mara ya kwanza, alivyojibu, alivyorekebisha, na ni lini mtunzaji alikubali. Ni ushahidi gani wa kitabu cha kufungwa jalada gumu unaokaribia huo? Mradi wa kununua huwezi kuujua. Mabishano ya miezi mitano na mtu wa Brazil kuhusu mistari arobaini ya msimbo ni vigumu sana kuyanunua River Road.

La pili ni kwamba wanafunzi wetu hawana uwezo. Wapewe basi kazi ndogo, zipo tele: kujaribu toleo jipya kwenye kompyuta kuukuu, kuandika maelezo ya kuwasaidia wageni, kutafsiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, ikiwa mtu anaweza kufungua menyu na kuielewa bila Kiingereza. Katika miaka yangu yote hapa sijapata mteja hata mmoja aliyewahi kuisikia. Tafsiri isipotunzwa inazeeka kila toleo jipya likitoka. Kutunza tafsiri ni kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa nne, hata yule wa alama za chini, anaiweza, na mama wa duka pale Kariobangi ataiona kwa macho yake.

La tatu lina uzito, na silipuuzi. Wanasema hii ni kazi ya bure kwa matajiri: kijana wa Huruma anatengeneza msimbo usiku, kampuni kubwa ya ng'ambo inauchukua asubuhi. Ni kweli inatokea, leseni nyingi zinaruhusu. Lakini mwaka wake sasa hivi anampa nani? Hampi mtu yeyote. Akirekebisha kitu ndani ya Moodle, faida ya kwanza inarudi kwa chuo chake. Naye anabaki na jina lake mahali ambapo mwajiri wa Westlands ama wa Berlin anaweza kulikagua bila kumjua babake. Kwa mtoto wa Eastlands asiye na mtu ofisini, hilo si jambo dogo. Ninachokubali ni kwamba hawezi kulifanya kwa tumbo tupu na bando la kuokoteza. Chuo kinamtoza ada ya mwaka huo wa mradi. Kitoe humo bando na saa za maabara, na kifungue maabara hadi usiku, kwa sababu si kila mtu ana chumba chenye meza.

Lakini wanafunzi siwalaumu sana. Mwanafunzi hufuata alama, na alama zinawekwa na watu ambao nao wana mizani yao. Makala ya jarida inampandisha mhadhiri cheo. Kitabu kinampandisha. Sijawahi kukutana na mhadhiri, na wengi huja kwangu kuskani vyeti, aliyepandishwa kwa sababu ametunza programu inayotumiwa na hospitali kwa miaka sita. Wako wanaofanya hivyo, kwa muda wao wenyewe, usiku, na kwenye karatasi za cheo kazi hiyo haina mstari. Mtu wa aina hiyo ukimwambia asimamie wanafunzi kumi na wawili ndani ya OpenMRS, unamuomba asadaka. Seneti za vyuo ziandike mstari huo. Kutunza programu inayotumika kuhesabiwe kama utafiti, kwa uzito unaojulikana, na atakayedai ametunza aonyeshe rekodi, maana iko wazi kwa dunia nzima.

Mhadhiri mmoja niliyemweleza haya aliniambia anakubaliana nami, ila haiwezekani, kwa sababu fomu ya kusahihishia mradi ina sehemu ya "ubunifu wa mfumo mpya" yenye alama thelathini, na fomu ndiyo hiyo. Nikamwomba anionyeshe. Ni ukurasa mmoja, mweusi na mweupe. Kwangu huo ni shilingi kumi kuuchapisha upya.