Njia za Mwenye Kuuliza

Tangu serikali za kaunti za Kenya zilipoanza kazi mwaka 2013, mji wa Keroka, ulioko kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik na ambao mpaka wa Kisii na Nyamira unaupasua, umekuwa mahali ambapo mwuza ndizi akitaka kujua ushuru wake aulipe kwa nani, hana budi kwanza kujua meza yake i upande upi, ilhali kaunti zenyewe mbili zimekwisha kuzozana mara nyingi juu ya swali hilo hilo. Mama huyo haendi kulitafuta jawabu katika tovuti ya upande wowote. Humwuliza jirani wa meza aliyetangulia kufika alfajiri, kwa Ekegusii, lugha ya Wagusii, na jawabu alipatalo huwa limekwisha kujaribiwa: jirani amelipa jana, na stakabadhi anayo mkononi.

Wapo maafisa waionao desturi hiyo kuwa ni ujinga, na ambao wakiambiwa kwamba wananchi hawana habari huagiza mabango zaidi na waraka mwingine mnene wa Kiingereza. Mimi naiona kuwa ni busara, kwa kuwa jirani huulizwa tena asipofahamika, hulaumiwa akidanganya, wala kumfikia hakuhitaji nauli. Na yeyote atakaye kuanzisha huduma ya habari katika milima hii ya Gusii, iwe ya afya, ya kilimo au ya ardhi, sharti aanze kwa kuifuata njia hiyo ya maswali, hatua kwa hatua, kabla hajanunua kompyuta hata moja. S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras huko India, alipotoa kanuni zake tano za maktaba mwaka 1931, alifanya kuokoa wakati wa msomaji kuwa kanuni kamili inayojitegemea; nasi huku wakati wa mwenye kuuliza hupotelea safarini, kabla hajaufikia mlango.

Tumtazame, mathalani, omongina mmoja, bibi aliyepindukia miaka 70, ambaye shilingi zake 2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, hazikumfikia. Swali lake halizaliwi ofisini. Huzaliwa uani, siku amwonapo mwenziwe amekwisha kupokea. Kwanza humwuliza mjukuu, maana simu iko kwa mjukuu. Kisha wakala aliyezoea kumtolea fedha. Kisha naibu wa chifu. Na ikiwa hao wote hawajui, hungoja hata Jumamosi, kwa kuwa Wasabato ni wengi huku, akamwulize mzee wa kanisa. Watu wanne wamekwisha kuulizwa, na katika wanne hao hakuna hata mmoja ambaye serikali iliwahi kumwandalia jawabu, ingawa hao ndio maktaba ya yule bibi. Lau karatasi moja ya Kiswahili chepesi na Ekegusii, yenye kueleza malipo yamekawia kwa nini, yatawasili lini, na jina likipotea huandikishwa wapi, ingalifikishwa mikononi mwao, angalipata haja yake bila ya kuondoka kijijini.

Sheria tunayo, tena njema. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kimempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya mwaka 2016 iliyokifuata imempa afisa siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na asiyejua kuandika, afisa amepaswa kumwandikia. Walakini sheria hiyo inamngojea mtu ambaye amekwisha kujua kwamba jambo lake ni ombi, na kwamba ombi hilo lina ofisi yake. Na mwenye kuyajua hayo mawili amekwisha kuvuka nusu ya mto.

Mwaka 2023 serikali ilipowapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote mikoba na simu, wazunguke nyumba kwa nyumba, ilikiri kwa vitendo kwamba habari za siha zapasa kumfuata mtu kwake. Naomba tadbiri hiyo ifike katika kituo cha kununulia majani chai, ambako wakulima hungoja mizani na lori, na ambako msimu wa bonasi unapokaribia karani wa mizani huulizwa mambo ambayo hakupewa majawabu yake. Na katika redio zitangazazo kwa Ekegusii, afisa anayealikwa na aanze kwa kupokea simu za wasikilizaji, ndipo atoe hotuba yake, ikiwa muda utabaki.

Juu ya hayo, kila ofisi ya wadi na iwe na daftari moja ambamo huandikwa maswali yenyewe, kwa maneno yale yale ya waulizaji, pamoja na kutaja ni nani waliyemwuliza kabla ya kufika hapo. Na kila mwisho wa mwezi lisomwe na wale wanaopanga fedha za matangazo. La kwanza ningependa lifunguliwe Keroka, sokoni penyewe, na lisomwe na kaunti zote mbili.