Mkeka wa Saa Moja

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimekuja leo barazani kwenu, wapenzi wa ushairi, niulize swali moja juu ya kauli hiyo: katika mahoteli ya pwani yetu, mwenyeji anapona kwa lipi? Swali hili lilinianza chini ya banda la makuti, katika hoteli moja ya ufukwe wa mashariki ya Unguja, nilipohudhuria kile kilichotangazwa kuwa ni somo la kusuka ukili.

Nilifuatana na wageni wa mume wangu, watu wa adabu na wenye hamu ya kujua. Mbele yetu alikaa bibi mmoja wa makamo. Miyaa ilikuwa imekwisha kukatwa, kuanikwa, kuchanwa na kutiwa rangi. Kila mgeni alikabidhiwa ukili uliokwisha kuanzwa, ili asitaabike na mwanzo, nao mwanzo ndio mgumu. Bibi akaeleza kwa Kiswahili kitamu mti wenyewe huota wapi, jani lipi hukatwa na lipi huachwa, mtindo ule wa kusuka waitwaje na yeye aliurithi kwa nani. Alizungumza kitambo kizuri. Kijana mwongozaji akafasiri yote hayo kwa maneno mawili: "Anasema karibuni." Watu wakacheka, na jina la mtindo ule likapotelea katika kicheko; hata mimi niliyekaa karibu sikulidaka. Saa ilipotimia, kila mgeni alivishwa kikuku alichosuka, akapewa na cheti chenye jina lake. Jina la bibi halikuandikwa popote.

Nasema wazi kwamba hilo si somo. Wala simlaumu mgeni, kwani yeye alikuja kusikia, na sisi ndio tuliomziba masikio.

Hebu tulipime jambo hili kwa mizani yetu wenyewe. Tuseme hoteli ile ile inatangaza somo la ushairi la saa moja. Mgeni anapewa ubeti wa tarbia ambao mishororo mitatu imekwisha kutungwa, naye anaombwa atie kituo. Haambiwi kina ni kitu gani, wala kwa nini mshororo ubebe mizani 16, nane ukwapini na nane utaoni. Kisha anatunukiwa cheti cha mshairi. Nani kati yetu asingepiga kelele? Kurasa hizi zingejaa majibizano mwaka mzima. Lakini mkeka ukifanyiwa hayo twanyamaza, kwa sababu asukaye ni mwanamke wa shamba asiyeandika katika majarida. Tumesahau kuwa lugha yetu imewafanya ndugu: twatunga shairi kama tutungavyo shanga, na visa twavisuka kama tusukavyo ukili.

Jambo hili nilipimiwa vyema zaidi ng'ambo ya bahari, Mzenga, katika Wilaya ya Kisarawe, nchi ya Wazaramo ipitiwayo na reli ya TAZARA. Huko ndiko kwao mume wangu, na bibi yake yu hai. Nilimwamkia, nikamsimulia habari za cheti. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na huo waliousuka, mjukuu wangu, atalalia nani?"

Sikuwa na jibu. Kwake yeye mkeka huwa na mtu kabla haujawa na rangi. Kuna wa kuswalia, kuna wa kumkalisha mwali, kuna wa kutandikiwa wageni siku ya msiba, na kuna ule wa mwisho ambao mwenyewe hauoni. Nilipomwomba anifundishe hakunipa ukili ulioanzwa. Alinipa kisu, akanituma porini pamoja na mtoto wa jirani aliyenionyesha mkindu na jani lake changa. Siku ya kwanza yote ilikwenda katika kukata na kuanika. Siku za kuchana zilipofika, chane zangu zilitoka nene huku na nyembamba kule, akaziweka kando bila ya neno.

Hapo niliona haya, na haya hiyo naiandika. Mama yangu alikuwa msukaji. Nimekua juu ya mikeka yake, lakini sikuwahi kukaa kitako nijifunze, kwani niliamini kuwa mwenye kalamu hana haja na ukindu. Basi nikimshutumu mwongozaji wa hoteli kwa kuyakata maneno ya bibi, mimi niliyakata kabla yake, tena nyumbani kwetu.

Wazaramo wenyewe wanajua kinachofuata pale kitu kinapotengwa na maneno yake. Mwana hiti, mtoto wa mti, sanamu ndogo isiyo mikono wala miguu, alikuwa akikabidhiwa mwali wakati wa kuwekwa ndani, amlee kama mwana huku akifundwa. Leo mwana hiti anakaa katika kabati za vioo za makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mti umehifadhiwa vizuri, bali wimbo, fumbo na fundisho havikusafiri nao. Atazamaye huona umbo zuri basi.

Najua jibu litakalonijia. Litasema kuwa bibi yule wa hoteli analipwa, na kwamba bila ya watalii angekwisha kuacha kusuka. Riziki yake siitaki ikatwe. Lakini natazama mbele. Hoteli inanunua saa moja, na binti atakayemrithi bibi katika kazi hiyo hatahitaji kujua zaidi ya saa moja. Hatahitaji kuutambua mti, wala kuunganisha ukili hadi upatikane mkeka mzima, wala kutia pindo. Hiyo ni njia ya kuua ufundi huku unapigwa picha.

Ufundi hudumu pale watu wenyewe wanapouhitaji. Tazameni Uganda. Nguo ya gome la mutuba, ambayo Baganda huiita lubugo, ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi za wanadamu. Hata hivyo, kilichoiweka hai ni kwamba Baganda hawajaacha kuivaa katika sherehe za ufalme wao na kuwafungia wafu wao. Nasi Tanzania tuliuridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kuhifadhi turathi zisizoshikika, ambao unahesabu kurithisha kizazi kwa kizazi kuwa sehemu ya kuhifadhi. Kuridhia karatasi ni kwepesi. Ingieni katika harusi na misiba yetu, mtazame kilichotandikwa: mara nyingi ni mkeka wa plastiki kutoka kiwandani. Twawauzia wageni kile ambacho sisi wenyewe tumekiacha, kisha twakiita utamaduni wetu.

Basi nadai mambo matatu. Kwanza, somo la hoteli lianzie mtini na lichukue siku zake. Asiye na siku na atazame tu, aambiwe kuwa ametazama. Pili, msukaji aitwe mwalimu, jina lake liandikwe juu ya cheti, ujira autaje yeye, na maneno yake yafasiriwe yote. Tatu, na hili ni letu sisi, majina ya mitindo ya kusuka yakusanywe na kuandikwa kama tunavyoandika istilahi za ushairi, na katika shughuli zetu tutandike mikeka ya mama zetu. Mwenyeji atapona kwa hilo, na mgeni naye ataondoka na kitu.

Nami nimerudi Unguja na kazi yangu mkobani. Ni ukili mmoja, haujafika hata pima, na umepinda. Bibi wa Mzenga amekwisha kunifumulisha mara mbili, na cheti hajanipa.