Mtoto Asiyeijua Robo Atapunjwa kwenye Mizani



Safari hii hatuandiki juu ya kima cha chini wala juu ya mabuti. Twaandika juu ya hesabu za watoto wadogo, zile za nusu, theluthi na robo. Sisi tunaokaa Nsambya tumeona jambo katika madaftari ya watoto wetu ambalo kesho litaingia katika mishahara yao.

Mtoto mmoja wa jirani yetu, wa darasa la tatu, aliulizwa ipi ni kubwa, 1/2 au 1/4. Akajibu upesi kwamba ni 1/4, kwa kuwa nne inazidi mbili. Tusimcheke. Tangu darasa la kwanza amefundishwa kuhesabu maembe, na maembe manne ni mengi kuliko mawili. Hakuna aliyemwambia kwamba ile namba ya chini haihesabu maembe, bali inahesabu ni mafungu mangapi yaliyo sawa. Watu wakizidi, tonge hupungua. Jambo hilo mtoto analijua nyumbani kila jioni, chapati ni moja na wao ni wanne, lakini shuleni ameonyeshwa namba mbili tu na mstari katikati, akaambiwa akariri.

Hatumlaumu mwalimu. Mwalimu naye ni mfanyakazi mwenzetu. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 3 hivi hadi kupita milioni 5 kwa mwaka mmoja, na madarasa yaliyojaa siku zile mengi yamejaa hata leo. Mwenye watoto wengi namna hiyo, na chaki moja mkononi, huona njia fupi ni kuandika ubaoni na kusema, "Nakilini." Ila njia fupi hii inatugharimu.

Kitu cha kwanza ambacho mtoto lazima akishike ni usawa wa mafungu. Sikilizeni watoto wanapogawana muwa: "Mimi nataka nusu kubwa!" Hakuna nusu kubwa. Ikiwa moja ni kubwa, basi zote mbili si nusu, ni vipande tu. Mpe mtoto mche wa sabuni na kisu kisicho na makali, mwambie akate mafungu manne, halafu mwenye kukata awe wa mwisho kuchagua. Utaona jinsi atakavyopima kwa macho, aweke kisu, akiondoe, apime tena. Hapo anajifunza robo bila kuandika herufi hata moja. Asiye na sabuni ya kuchezea achukue karatasi. Ukiikunja mara moja ni nusu, mara mbili ni robo, mara tatu ni sehemu moja ya nane. Mtoto mwenyewe ataona kwamba kila akikunja, mafungu yanaongezeka na kila fungu linapungua.

Na maji, je? Watoto wetu wanakwenda bombani na jerikani za lita 5, wakati ya mama ni ya lita 20. Safari nne za mtoto zinajaza jerikani moja ya mama. Kila siku mtoto anabeba robo kichwani, na hakuna anayemwambia kwamba hiyo ndiyo 1/4 ya daftarini.

Jambo hili si geni kwa wafanya kazi. Kule Misri, mto wetu huu wa Nile unakoishia, karani mmoja aitwaye Ahmose alinakili kitabu cha hesabu yapata miaka 3,500 iliyopita, na hesabu zake za mwanzo ni kugawa mikate kwa watu 10. Mikate 6 kwa watu 10, yeye alitoa jibu kwamba kila mtu apate nusu na sehemu moja ya kumi. Pigeni wenyewe hesabu hiyo kwa mikate mitano kwanza, kisha ule mmoja uliobaki, mtaona ni sawa. Hakuanza na namba tupu. Alianza na mkate na watu wanaoungoja.

Lugha nayo ina neno lake. Tangu mwaka 2007 mtaala wa madarasa matatu ya mwanzo unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani, lakini mjini Kampala, ambako darasa moja lina watoto wa makabila mengi, shule nyingi hutumia Kiingereza. Mganda akitaka kusema robo husema "kimu kya kuna", yaani kimoja cha vinne, na maana yote imo mle mle. Kiswahili chetu cha reli na cha kambi za polisi kina nusu na robo, maneno ambayo hata mtoto anayetumwa dukani robo kilo ya sukari anayajua. (Wazee wanaikumbuka sumuni. Ilikuwa nusu ya shilingi, lakini jina lake maana yake ni sehemu ya nane, limebaki kutoka zama za riale. Hilo msiwaambie watoto bado, watachanganyikiwa.) Aanze mtoto na neno analolijua, Kiingereza kitafuata.

Sasa kwa nini chama kijiingize? Mwenzetu mmoja, kiwanda chake hatukitaji, alifanya ovataimu saa 6 siku za kawaida. Mshahara wake kwa saa ni shilingi 1,000. Sheria ya ajira ya mwaka 2006 inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, yaani 1,500, jumla 9,000. Alipewa 6,000, akatia sahihi. Tulipomwuliza alisema, "Nusu hizo wanazijua makarani." Theluthi ya jasho lake ilibaki ofisini. Katika shamba moja la chai, mizani ikionyesha kilo 17 na robo tatu, daftari huandikwa 17. Kwa siku sita, mchumaji amepoteza kilo 4 na nusu.

Tazameni pia akiba ya NSSF. Mfanyakazi hukatwa 5 katika 100, ndiyo moja ya ishirini. Mwajiri huongeza 10 katika 100, ndiyo moja ya kumi. Yule mtoto wetu aliyesema 1/4 inazidi 1/2, akikua hivyo hivyo, atasema moja ya ishirini ndiyo kubwa, na kwamba mfanyakazi anatoa kuliko mwajiri. Mtu wa namna hiyo atauliza nini akikatwa na mwajiri asipeleke lake?

Kwa hiyo tunaomba kila tawi lizungumze na walimu wa shule zilizo karibu, kwa heshima, bila kuwafundisha kazi yao. Sisi tulete karatasi zilizotumika upande mmoja, ambazo ofisi hutupa kila wiki, na wazazi walio na nafasi wakae darasani kusaidia wakati wa kukata na kukunja. Hapa Nsambya tutaanza na mkutano wa wazazi wa muhula huu. Tutakwenda na mche mmoja wa sabuni, kisu, na jerikani mbili, ya lita 20 na ya lita 5. Aliye zamu ya usiku amtume mwenzake.