Kioo cha Koo Kianzie Bariadi

Mtu alazwapo usingizi ili apasuliwe, mara nyingi misuli yake hulegea, pumzi yake hukoma, na uhai wake wote huwa dhamana mkononi mwa mtaalamu wa usingizi, ambaye hana budi kupitisha mrija baina ya nyuzi mbili za sauti hadi katika njia ya hewa, kabla akiba ya oksijeni iliyomo mwilini haijakwisha. Kwa wagonjwa walio wengi kazi hiyo huisha upesi. Lakini wapo ambao koo lao halionekani kwa wepesi: mama mwenye kifafa cha mimba aliyevimba uso na ulimi, mzee mwenye tezi kubwa la shingo, kijana aliyevunjika taya katika ajali ya pikipiki. Kwa hao dakika chache za kukosa hewa zatosha kuudhuru ubongo.

Chombo tulichokizoea, laringoskopu ya kawaida, ambayo bamba lake lililopinda lilibuniwa na Robert Macintosh wa Oxford na kutangazwa mwaka 1943, ni mpini wenye betri, bamba na taa ndogo. Mtaalamu huushika mpini kwa mkono wa kushoto, akaliingiza bamba upande wa kulia wa kinywa, akausogeza ulimi kushoto, kisha akainua pasipo kuyaegemea meno, mpaka kidakatonge kinyanyuke na jicho lake liione njia ya hewa. Hapo ndipo penye shida, kwani jicho hutazama kwa mstari ulionyooka, na makoo ya watu wengine yana kona. Laringoskopu ya video, ambayo mfano wake mashuhuri ulitolewa mwaka 2001 na John Pacey, daktari mpasuaji wa Kanada, ina kamera karibu na ncha ya bamba, hata lile lililojificha nyuma ya kona hudhihirika kwenye kioo, mbele ya mtaalamu, msaidizi wake na mwanafunzi pia.

Ushahidi wa manufaa yake si haba. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa mahututi 1,417, ambao wengi wao walihudumiwa na madaktari waliokuwa bado mafunzoni. Mrija ulipita kwa jaribio la kwanza kwa watu 85 katika kila 100 kwa chombo cha video, na kwa watu 71 kwa kile cha kawaida. Jaribio la kwanza lina thamani kubwa, maana kila jaribio linalofuata huzidisha uvimbe na damu, na mlango uliokuwa mwembamba huzidi kuwa mwembamba.

Insafu yanitaka niseme na upande wa pili, kwa kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Damu au matapishi yakiifunika kamera, kioo huwa kipofu. Betri isipochajiwa, huzima. Na pengine njia huonekana waziwazi lakini mrija ukakataa kuifuata, mpaka utiwe waya wa kuupinda na mkono uliofunzwa. Kwa hiyo ustadi wa chombo cha kale usiachwe, nacho kisitoke mezani.

Hata hivyo, ninalotaka kulisema hasa ni mahali pa kuanzia. Desturi yetu ni kwamba chombo kipya hufika kwanza katika hospitali kuu, kisha, baada ya miaka, mabaki ya neema huteremka mikoani. Nadhani kwa chombo hiki mpango huo umepinduka. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, mtaalamu akishindwa anaweza kumwita mwenzake aliyemzidi uzoefu. Kwetu Bariadi, mkoani Simiyu, usiku wa manane, mtaalamu wa usingizi aghalabu yu peke yake, na mgonjwa ambaye koo lake limekwisha kuanza kuziba hana wasaa wa kusafirishwa hadi Mwanza kwa njia ya Lamadi na Magu. Aliye mbali na msaada wa mwenziwe ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kioo.

Basi naiomba Wizara ya Afya, Bohari ya Dawa na halmashauri zetu za Simiyu zivinunue vyombo hivi kwa hospitali za mkoa na wilaya, pamoja na mabamba ya akiba, chaja, na mafunzo yasiyokuwa ya siku moja. Tena visije bila kipimo cha kaboni dioksidi itokayo katika pumzi, ambacho ndicho shahidi wa kuaminika kwamba mrija umeingia katika njia ya hewa wala si katika njia ya chakula.

Mama wa Lingeka, humu humu Simiyu, anayefikishwa hospitali usiku kwa kifafa cha mimba hatajua ni chombo gani kilichotazama koo lake. Akizinduka, atauliza mwanawe yuko wapi. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba anazinduka na kuuliza.