Kalemie: Kabla ya sindano za Kichina, kiti cha kusikiliza

Katika vituo vya afya vya Kalemie, wauguzi wanamfahamu mama huyu hata kabla ya kumwuliza jina. Analalamika kichwa, mgongo, moyo kupiga mbio. Usiku hapati usingizi, chakula hakishuki, watoto wakicheza karibu naye anawafukuza. Anapimwa malaria, kipimo kinaonyesha hakuna kitu. Anapewa parasetamoli na kurudishwa nyumbani. Baada ya wiki mbili anarudi na malalamiko yale yale. Majirani wanasema ana mawazo mengi. Wengine wanamshauri aende kwenye chumba cha maombi, wengine wanamtuma kwa mganga wa kienyeji amchanje kwa wembe. Ni mara chache sana anaambiwa jina la ugonjwa wake: depresioni, yaani huzuni kali inayokaa wiki kwa wiki, inayomaliza nguvu za mwili na hata hamu ya kuishi.

Chanzo chake si siri kwa wakaaji wa jimbo la Tanganyika. Mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliyopamba moto 2016 na 2017 yaliwahamisha zaidi ya watu laki 6, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Wengi walijenga vibanda vya majani pembeni ya Kalemie, kama kule Katanika. Mwaka 2024 maji ya ziwa na ya mto Lukuga yalipanda, yakafukuza familia zingine kutoka nyumba zao. Kisha Goma na Bukavu zilipoanguka mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, mashua zilileta watu wengine tena kutoka Kivu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba katika maeneo ya vita, mtu 1 kati ya 5 ana shida ya afya ya akili. Kambi yenye watu 5,000 inaweza basi kuwa na wagonjwa 1,000 wasiohesabika, kwa sababu ugonjwa wao hauna kidonda wala homa.

Ndipo swali la tiba ya sindano za Kichina, akupancha, linapoingia. Huko Tanganyika Wachina wanajulikana zaidi kwa habari za lithium ya Manono, lakini madaktari wao wanakuja Kongo tangu 1973, na Zanzibar tangu 1964. Katika nchi nyingi za Afrika, timu hizo huwa na mtaalamu wa sindano. Je, tiba hiyo inaweza kumsaidia mama wa Kalemie?

Jibu la haki ni kwamba kuna kitu ndani yake, na hakuna sababu ya kuicheka. Sindano yenyewe si ile ya kuchoma dawa. Ni nyembamba karibu kama unywele, haina tundu, haipitishi dawa yoyote. Inachomwa kwenye sehemu maalum za mwili na kuachwa humo kwa muda, mara nyingi nusu saa hivi. Wachina wa kale walieleza kwamba inafungua njia za nguvu ya uhai. Wanasayansi wa leo wanaeleza kwa namna nyingine: sindano inaamsha mishipa ya fahamu, mishipa inapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unatoa kemikali zake wenyewe zinazotuliza maumivu. Mwaka 2021, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba, katika panya, sindano yenye umeme kidogo kwenye mguu wa nyuma inaamsha mshipa fulani na kupunguza uvimbe wa ndani ya mwili. Uvimbe wa namna hiyo unahusishwa pia na depresioni kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini panya si mtu, na njia inayoweza kufanya kazi bado si uthibitisho kwamba mgonjwa atapona.

Kwa watu, utafiti unaofaa kusomwa kwa makini ni ule wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, uliotolewa 2013. Wagonjwa 755 wa depresioni waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata sindano, mara moja kwa wiki, hadi mara 12. La pili lilipata mshauri wa kuzungumza naye, kwa idadi hiyo hiyo. La tatu liliendelea na matibabu ya kawaida tu. Baada ya miezi mitatu, makundi mawili ya kwanza yalikuwa na nafuu kuliko la tatu. Lakini kati ya sindano na mazungumzo, hakukuonekana tofauti ya maana.

Miaka mitano baadaye, 2018, mapitio makubwa yalikusanya tafiti 64 zenye zaidi ya watu 7,000. Sindano zilipolinganishwa na kukaa bila tiba, faida ilionekana. Zilipolinganishwa na sindano bandia, zile ambazo mgonjwa anadhani zimemchoma kumbe hazikuingia, faida ilibaki ndogo, na tafiti nyingi hazikuwa imara.

Matokeo hayo yanasema jambo ambalo Kalemie inapaswa kulisikia. Mtu anayefika kwa mtaalamu wa sindano hapati sindano peke yake. Anapokelewa kwa jina lake. Anaulizwa analala vipi, anakula vipi, nini kinamsumbua. Analazwa mahali penye utulivu, anaguswa kwa upole, na anaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo anamkuta mtu yule yule. Ni wazi kwamba sehemu kubwa ya nafuu inaweza kutoka hapo, hata kama sindano nayo ina mchango wake.

Na sehemu hiyo haihitaji kusafirishwa kutoka Beijing. Imekwisha kujaribiwa hapa mashariki mwa Kongo. Katika vijiji vya Kivu, wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono walifuatiliwa katika utafiti uliotolewa 2013 kwenye jarida kubwa la madaktari la Marekani. Vijiji vingine vilipata mtu wa kumsaidia kila mwanamke peke yake. Vingine vilipata tiba ya mazungumzo katika kikundi, ambamo wanawake walijifunza kupima mawazo yanayowatesa, kama lile la kujilaumu kwa yaliyowapata. Miezi sita baada ya tiba kumalizika, dalili za depresioni ao za wasiwasi mkali zilibaki kwa asilimia 9 tu ya waliokuwa katika vikundi, dhidi ya asilimia 42 upande wa pili. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa wanawake wa Kongo wenye masomo ya sekondari, waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa vizuri.

Kuna watakaosema: kama sindano na mazungumzo vinakaribiana, basi vyote viletwe. Ni sawa, siku mtaalamu aliyesomea kazi yake atakapofika na sindano safi za kutumiwa mara moja tu. Lakini haraka ina hatari. Sindano moja ikipita kwa watu wawili inaweza kubeba UKIMWI na ugonjwa wa ini. Na mji ambao tayari una wauzaji wa dawa zinazodaiwa kuponya kila kitu hauhitaji muuzaji mwingine, safari hii mwenye sindano mkononi.

Kinachowezekana sasa kinajulikana. Divizioni ya afya ya jimbo na mashirika yanayoisaidia wachague katika kila kituo cha afya muuguzi mmoja wa kufundishwa kutambua depresioni, wampe chumba chenye mlango unaofungwa, na siku moja kwa wiki ya kusikiliza. Wale RECO wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo wafundishwe kuuliza pia juu ya usingizi na huzuni. Vikundi vya mazungumzo vifunguliwe kambini, kwa Watwa na kwa Waluba. Vidonge vya amitriptilini na fluoksetini, vilivyomo katika orodha ya dawa muhimu ya OMS, vifike kwenye vituo kwa wale ambao mazungumzo peke yake hayatoshi. Na anayesema anataka kufa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kungojea kesho.

Yote haya yanadai pesa, lakini pesa tayari zinateketea kwa parasetamoli, vipimo vya malaria visivyoonyesha kitu, na safari za kurudi kituoni bila jibu. Mama yule atarudi wiki ijayo. Safari hii, kabla ya kumpa vidonge, kuwe na mtu wa kumwonyesha kiti na kumwuliza: tangu lini hulali?