Asumini Haingoji

Katika harusi za siku hizi, hapa visiwani na ng'ambo ya Mrima, limezoeleka jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Bibi harusi huvishwa koja la plastiki. Mgeni wa Serikali naye, akiteremka bandarini, hupokewa kwa shada la plastiki, pengine lile lile alilopokewa nalo mgeni aliyemtangulia.

Leo tunautazama mji wa Pangani, jirani yetu wa ng'ambo, ambako wengi wetu tuna jamaa. Mji huo mdogo uliokaa kwenye mlango wa mto umeona mengi. Misafara ya pembe za ndovu iliishia hapo. Katika karne ya 19 yalikuwapo mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim aliongoza upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa mjini humo. Kikogwe, kusini ya mto, ndiko ilikopandwa mikonge ya kwanza ya nchi mwaka 1893, kutokana na miche 62 tu iliyonusurika safari. Mkonge, tukumbushane, hutoa ua mara moja katika umri wake, kisha hufa. Hata hivyo ulipewa mashamba makubwa, mashine na maghala. Asumini haikupewa hata kibanda.

Na biashara ya asumini ni biashara ya mbio. Matumba huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, yakatungwa kwenye uzi kabla ya magharibi, na usiku yakachanua yakiwa tayari kichwani mwa mwari au juu ya kitanda cha maharusi. Kesho yake adhuhuri yamekwisha kusawijika. Kikuba nacho, chenye mrehani, waridi, langilangi na kilua, hakilali siku mbili kikabaki na harufu yake. Kwa hiyo mtungaji bila mpelekaji si kitu. Lazima awepo kijana wa kubisha hodi mlango kwa mlango, na kwa aliye Bweni, maua yavushwe mtoni kabla giza halijaingia. Pesa ipatikanayo ni ndogo, lakini huingia mkononi mwa mwanamke, nyumbani kwake, na hununua unga wa siku ile.

Kinachotushangaza ni hiki. Mto Pangani huanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Huko juu, upande wa Arusha, tangu miaka ya 1980 yamelimwa mawaridi ya kuuzwa Ulaya. Hukatwa, hutiwa katika vyumba vya baridi, hupakiwa ndegeni, na Uholanzi hunadiwa yakiwa mabichi. Ua la chanzo cha mto huvuka bara zima likafika salama. Ua la mlango wa mto halivuki kilomita 50 hivi za bahari kufika kaskazini ya Unguja. Tena maji yenyewe, yakisha kunyweshwa mashamba ya juu na kuzuiwa mabwawani, hufika chini yamepungua, na maji ya bahari yakapanda mtoni. Bustani ya uani haistahimili chumvi.

Hatumlaumu mzazi maskini anayenunua koja la plastiki kwa kuwa litawafaa na mabinti wengine watatu. Lawama yetu ni kwa wenye uwezo wa kuchagua. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019 ina sababu gani ya kumvisha mgeni wake plastiki shingoni? Ofisi za Serikali, za Wilaya ya Pangani na za kwetu visiwani, ziagize makoja ya sherehe zao kwa watungaji wa mtaani, na zilipe siku hiyo hiyo, kwani mtungaji hana akiba ya kungojea hundi.

Wakaguzi wa mimea bandarini wana kazi ya haki ya kuzuia wadudu na maradhi, nasi hatuombi waifumbie macho. Tunaomba kikapu cha asumini kikaguliwe pale pale boti inapofunga gati. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani nayo, inapogawa maji kwa wakubwa wa juu, iwahesabu na walio mlangoni mwa bahari.

Harusi hurudi kwa wingi kila mfunguo mosi. Maofisa wanaohusika wana nafasi ya kukutana na akina mama watungaji kabla ya hapo. Mkutano huo, tafadhali, uitishwe asubuhi. Alasiri wao wanachuma.